Sydney Muturi Gathogo, Mpeleka Chakula Asiyekila
14 Mei 1968 – 20 Januari 2026

Kwa ninyi nyote mliofika hapa Kandara leo, Ijumaa tarehe 30 Januari 2026: jamaa wa ukoo, waumini wenzake, majirani wa Mbotela, na wageni wetu wa Buruburu mliotoka nyumbani kabla ya jua. Maisha ya ndugu yetu yameandikwa kwa Kiswahili ili pasiwe na mtu wa kumnong'oneza mwenzake tafsiri. Mketi vizuri. Si marefu, lakini yana mahali pa kusimama.

Sydney Muturi Gathogo alizaliwa Jumanne tarehe 14 Mei 1968 mtaani Mbotela, Nairobi, katika nyumba ya chumba kimoja ya Baraza la Jiji. Alikuwa kitinda mimba wa marehemu Mzee Joram Gathogo na marehemu Mama Rahab Wanjiru. Mvua ya masika ilikuwa imefunga njia na mkunga hakufika. Aliyempokea ni jirani, marehemu Mama Amondi, ambaye alikuwa akikanda unga wa chapati alipoitwa. Alinawa mikono upesi upesi, na mpaka kufa kwake alishikilia kwamba mtoto yule alilia kwa njaa, wala si kwa kuzaliwa. Jina la Muturi ni la babu yake, kama desturi inavyotaka. La Sydney, baba yake, aliyekuwa fundi wa mabomba, alilisoma kwenye kasha la vifaa vilivyotoka ng'ambo. Alisema jina lililovuka bahari yote hiyo bila kufutika litamfaa mtoto.

Mama Rahab aliitwa na Bwana mwezi wa Septemba 1975. Muturi alikuwa na miaka saba. Dada yake mkubwa, Nyaguthii, ndiye aliyeshika mwiko, akamlea yeye na kumpikia baba yao. Krismasi ya mwaka huo alipika chapati kwa mara ya kwanza pasipo mama. Alifunga sita kwa kitambaa akamtuma Muturi kwa Mama Amondi, nyumba ya nne kutoka kwao. Zilifika nne. Habari hiyo imesimuliwa katika familia hii kwa miaka hamsini, na kila mara kwa kicheko. Ina mkia wake ambao haukusimuliwa, nao tutaufikia.

Alianza darasa la kwanza Januari 1975 katika Shule ya Msingi ya Mtakatifu Yona, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1981. Aliendelea na sekondari ya kutwa hapo hapo Eastlands mpaka kidato cha nne, akamaliza mwaka 1985 na divisheni ya tatu. Hesabu zilimshinda, hilo halifichwi. Jiografia ilimpenda. Alikuwa anaweza kukaa chini na kijiti akakuchorea mitaa yote kutoka Makongeni hadi Kayole, pamoja na vichochoro ambavyo hata Baraza halikuvijua, na ukimpinga anakushika mkono mwende mkaone.

Tarehe 2 Februari 1987 aliajiriwa kuwa tarishi wa kampuni ya bima mjini. Kazi yake ilikuwa kupeleka bahasha kutoka ofisi hadi ofisi kwa baiskeli nyeusi, zile tunazoziita Black Mamba. Alikuwa na kanuni moja. Hakutoa bahasha mpaka amwulize mtu jina lake, alisikie likitoka kinywani mwake, ndipo ampe kwa mikono miwili. Kuna mkurugenzi mmoja alimkemea, "Wewe hunijui mimi?" Muturi akamjibu, "Nakujua sana, bwana. Ni bahasha isiyokujua." Aliipata sahihi yake.

Alifunga ndoa takatifu na Wangu, mshonaji wa sare za shule, Jumamosi tarehe 7 Desemba 1996. Walikuwa wamefahamiana kwa suruali. Muturi alikuwa akichanika suruali kwenye mnyororo wa baiskeli kila wiki, na Wangu akawa anamshonea, mpaka wiki moja akamwambia, "Kaka, ama ununue kibanio cha mguu, ama uje kwetu useme unachotaka." Alienda kwao. Mungu aliwajalia watoto wawili, Gathogo na Shiro. Waliishi Mbotela miaka yote hiyo kwa amani, na kama kuna siku walikosana basi walikosana kwa sauti ya chini, maana kuta za Mbotela mnazijua.

Katika kanisa letu alikuwa mzee wa kanisa tangu 2009, akisaidia kugawa Meza ya Bwana. Wengi wenu mmepokea mkate mkononi mwake.

Mnamo 2020 korona ilipoingia, ofisi ilihamishia barua zake kwenye kompyuta. Muturi hakufutwa, ila mshahara ulirudi nusu na haukupanda tena, na kazi ikawa ya asubuhi tu. Wakati huo Shiro alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi. Baba yake akatafuta kazi ya jioni. Jumatatu tarehe 7 Juni 2021 alionekana akitoka na ile baiskeli yake, kisanduku kikubwa kimefungwa nyuma. Alikuwa amejiandikisha kupeleka chakula kwa wanaoagiza kwa simu, kutoka saa kumi na moja jioni.

Dada yake hakupenda, na alimwambia waziwazi.

"Muturi, mzee wa kanisa mzima, una miaka hamsini na mitatu, ubebe vyakula vya watoto wa watu kama punda?"

"Dada, nimebeba bahasha za watu miaka thelathini na minne. Hizi angalau zinanukia."

Vijana wa pikipiki waliokuwa wakingoja oda pale maduka ya Buruburu walimcheka siku ya kwanza. Siku ya pili walimwita Guka, yaani babu. Kufikia mwezi wa tatu wakawa wanampigia simu wakipotea njia. Alipeleka chakula Umoja, Donholm, Kayole, Buruburu yote, na katika kila mlango aliuliza jina kwanza, kama alivyofanya kwa bahasha. Wateja wengine walikasirika chakula kikipoa. Alisema chakula kilichopoa bado ni chakula, ila chakula kilichoingia nyumba isiyo yake ni ugomvi. Ada ya Shiro ilitoka katika kisanduku kile. Shiro alihitimu Septemba 2024, na siku hiyo baba yake alivaa koti la harusi, nalo lilikuwa bado linamtosha.

Sasa tufike pale ambapo wengine wenu mnapajua nusu.

Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima ziliangukiana. Waislamu walikuwa wamefunga, na Muturi naye alikuwa ameacha nyama tangu Jumatano ya Majivu. Ijumaa tarehe 14 Machi, jioni, alichukua oda kwa Hibo, mwenye mkahawa mdogo pale maduka. Hibo, oda kubwa za futari huzitia kwenye hotpoti zake mwenyewe, na mteja huirudisha hotpoti kesho yake. Chini ya kila moja amepaka nukta tatu nyekundu za rangi ya kucha, kama wanawake wa Eastlands wafanyavyo ili vyombo visipotelee kwenye arusi na matanga. Alimpa Muturi pilau ya mbuzi ya watu sita, ipelekwe kwa mwalimu mmoja aitwaye Kawsar, katika korti moja ya Buruburu. Asiyejua, korti ni nyumba kadhaa zilizozungushiwa ua, zenye lango moja na askari wake. Unaonyesha oda kwenye simu ndipo unafunguliwa.

Askari alimfungulia. Ndani, mageti ya nyumba zote ni meusi. Stima ilikuwa imepotea na simu ya Kawsar haikupatikana. Akiwa bado anahesabu mageti, adhana ikaanza, na geti moja likafunguka. Alikuwa amesimama mama mzee, tende mkononi.

"Ni chakula cha hapa, mama?"

"Ni cha hapa, alhamdulillahi. Mola akulipe, mwanangu."

Akampa. Hakuuliza jina. Katika miaka karibu minne ya kazi ile, ndiyo ilikuwa mara moja tu. Alipoulizwa sababu baadaye alisema adhana ilikuwa imeanza, na hakutaka kumsimamisha mtu aliyefunga mchana kutwa amhoji kama polisi.

Yule mama anaitwa Batulo, na yuko hapa leo, safu ya mbele, amekaa na mwanawe Mohamednur. Kwake hapakuwa na la kushangaza. Mwezi wa Ramadhani majirani hutumiana futari. Chakula kikija saa hiyo unapokea, unamwombea aliyeleta, na chombo mwenyewe atatuma mtu akifuate, nawe hukirudishi kitupu. Kuuliza "hiki kimetoka kwa nani?" ni kukosa adabu. Alikula, akashukuru, akaosha hotpoti akaiweka kabatini ikimngoja mwenyewe. Wiki iliyofuata binti yake wa Garissa akajifungua, Mama Batulo akasafiri kwenda kumlea mzazi. Alikaa huko miezi saba.

Nyumba ya tatu kutoka hapo, Kawsar alikuwa na wageni sita na sufuria tupu. Aliandika kwenye simu kwamba chakula hakikufika. Muturi alikuwa njiani kwenda Donholm ujumbe ulipomwingia: amefungiwa kazi kwa kula chakula cha mteja.

Aligeuza baiskeli. Pale langoni askari alimwambia, "Mzee, onyesha oda."

"Oda ndiyo iliyopotea. Nimekuja kuitafuta."

"Bila oda huingii. Nikikufungulia wewe leo, kesho namfungulia mwizi."

Alirudi Jumamosi. Akarudi Jumapili baada ya ibada, na Jumatatu. Amefungiwa, kwa hiyo hana oda. Hana oda, haingii. Haingii, hawezi kumpata mama aliyepokea. Hibo alimwamini, akampigia Kawsar simu, naye Kawsar akauliza kwenye kikundi cha simu cha korti yao. Lakini Mama Batulo hayumo katika kikundi chochote, na wakati huo alikuwa Garissa akikoroga uji wa mzazi. Kampuni nayo haina mlango wa kubisha. Ni maandishi matupu ya simu, na maandishi yalisema shauri limefungwa.

Mambo ya namna hii hayakai Buruburu yakatulia. Mativo, kijana wa pikipiki anayekaa Mbotela, ndiye aliyeyavusha Jogoo Road mpaka mtaani kwetu. "Guka," akampigia kelele mbele ya kinyozi, watu wamejaa, "ulimangaje pilau ya watu sita peke yako? Hata kachumbari hukutuachia?" Watu walicheka, na Muturi pia alicheka. Lakini kicheko kikatoka kwa kinyozi kikaenda kisimani, kikaenda kanisani, na huko kilifika kimevuliwa utani. Mzee wa kanisa amekula nyama ya wizi katikati ya Kwaresima. Jumapili ya tarehe 30 Machi Muturi alimwendea Mchungaji Khavere akamwomba apumzishwe kugawa Meza. Alisema, "Mtu anayeshukiwa chakula cha wenzake hawezi kuwanyoshea mkate." Na yeye mwenyewe hakupokea tena. Alikaa kiti cha nyuma.

Hapa ndipo ule mkia wa chapati unapoingia. Jumamosi moja ya Aprili dada yake alimwita jikoni.

"Muturi, mimi si mtu wa nje. Kama uliila, sema tu. Tutapika nyingine tuwapelekee, yaishe."

Muturi aliweka kikombe chini. "Dada, unazikumbuka zile chapati?"

"Nitazisahauje?"

"Unakumbuka zilifika nne. Nani alikuambia zimefika nne?"

Dada yake akaacha kukoroga sufuria.

"Mama Amondi hakusema. Wewe hukuuliza. Nilikuja mwenyewe jioni, nikakushika leso, nikakuambia nimekula mbili. Ukanichapa, halafu ukalia wewe."

Na ndivyo ilivyokuwa. Dada yake anajulikana kwa kukumbuka. Muulize bei ya sukari mwaka wowote. Lakini kwa miaka hamsini alikuwa ameweka sehemu ya kuchekesha akaitupa sehemu ya kweli. Alimwuliza ndugu yake mara moja tu, na hiyo mara moja ilikuwa nyingi.

Mwezi wa Juni chakula kilianza kumkwama. Mwanzoni ugali, kisha wali, kisha hata ndizi iliyopondwa. Alipimwa, na tarehe 22 Julai 2025 daktari akasema ni saratani ya koo la chakula, nayo imekwenda mbali. Alitibiwa kwa bidii. Shiro alimwuguza kwa mikono iliyosomeshwa na baba yake mwenyewe, na Wangu alijifunza kuchuja uji mara tatu. Marehemu hakulalamikia maumivu. Kilichomwuma ni kingine, maana ugonjwa wenyewe ulikuwa umewapa watu la kusema: pilau ya watu imemkaba. Mtu mmoja alilisema mlangoni kabisa, akidhani mgonjwa amelala. Siku hiyo Muturi alimwambia mkewe, "Wangu, kufa kila mtu atakufa. Mimi naomba tu nisizikwe na ile pilau."

Tuliomba naye. Wengine wetu tuliomba tukiwa na aibu.

Mama Batulo alirudi kutoka Garissa mwanzoni mwa Novemba. Alifungua kabati akaikuta hotpoti palepale, na moyo ukamsuta, kwa kuwa chombo cha watu hakikai kwako kikazeeka. Akakaanga sambusa, akaijaza, akaanza kubisha geti baada ya geti akiwaonyesha wanawake zile nukta tatu. Geti la tano lilikuwa la Kawsar. Kawsar aliigeuza hotpoti akaziona.

"Ayeeyo," akamwambia, ndivyo wanavyomwita nyanya, "hii umeipata wapi?"

"Nililetewa futari Ramadhani. Mzee wa baiskeli, mpole."

Kawsar alikaa chini pale pale kwenye ngazi.

Alhamisi tarehe 13 Novemba 2025, saa tisa mchana, walibisha hodi Mbotela. Mbele Mama Batulo, hotpoti kiunoni. Nyuma yake Hibo, kisha Kawsar, na mwisho kabisa Mativo aliyewaonyesha nyumba, anaangalia viatu vyake. Muturi alikuwa amelazwa kwenye kochi, amefunikwa blanketi. Mama Batulo alimtazama.

"Ndiye," akasema. "Ni huyu. Nilidhani nimekula pilau, kumbe nimekula jina la mtu. Na dua nikamwombea huku ninatafuna!"

"Ayeeyo, kosa ni langu," Kawsar akasema. "Nilibonyeza hakijafika, nikatupa simu, nikaenda kukaangia wageni mayai. Sikutoka hata nje kuangalia."

"Ni langu," Hibo akaingilia. "Nukta tatu nazijua mimi peke yangu. Ningebandika jina la mteja juu, haya yote yangetoka wapi?"

"Nyamazeni nyote," Mama Batulo akasema. "Mlikula ninyi? Aliyekula ni mimi. Na nilirudia sahani."

Muturi alicheka mpaka akakohoa, mpaka Wangu akaja mbio na maji. Alipotulia aliuliza, "Ilikuwa tamu?"

"Wallahi, tamu."

"Basi afadhali. Miezi minane nasikia habari zake, na sijui hata ilikuwaje."

Hapo chumba kizima kikacheka, na kicheko hicho kilikuwa cha namna nyingine, kama mtu anapotua ndoo kichwani. Mativo alibaki amesimama mlangoni. "Guka, zile stori nilizianza mimi."

"Najua. Ile ya kachumbari ilikuwa nzuri."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Kaa chini, unaziba hewa."

Muturi alifunua hotpoti, akanusa, akaamuru watu wale sambusa zile mbele yake, aone kwa macho. Mativo alikula nne huku machozi yanamtoka, akasema ni pilipili. Dada yake Muturi alikwenda jikoni kutafuta vikombe, akakaa huko muda mrefu kuliko vikombe vilivyohitaji. Aliporudi alimshika mkono. Muturi akamwambia, "Wewe pia kaa, dada. Chai itapoa." Hilo tu, na lilitosha.

Kawsar aliiandikia kampuni jioni ile ile. Baada ya siku tatu ujumbe ukaja kwenye simu ya Muturi: amefunguliwa, karibu tena kazini. Alimfanya Shiro ausome mara mbili. Shiro akamtania, "Baba, kuna oda Kayole, unaenda ama nimpe mwingine?" Akajibu kwamba Kayole ina mlima, wampe Mativo.

Lakini Mama Batulo alikuwa hajamaliza. Aliuliza waliomsema Muturi wanasali wapi. Akaambiwa. Wangu akamwambia Mchungaji atalitangaza, yeye asisumbuke. "Atangaze," akasema. "Neno hupita sikio likatoka. Mimi nitakuja nikae mlangoni, wauone uso wa aliyekula."

Na alikuja. Jumapili tarehe 30 Novemba, ya kwanza ya Majilio, Mohamednur alimleta kwa gari, akakaa kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango wa kanisa, kivulini, buibui lake limepigwa pasi. Mchungaji Khavere alieleza kisa chote kabla ya matangazo ya arusi. Hakuongeza wala hakupunguza. Kisha akamwita Muturi. Gathogo na Shiro walimshika huku na huku, akatembea kutoka kiti cha nyuma mpaka mbele, miguu yake ikiburuzika sakafuni. Kwa wiki mbili alikuwa hajameza kitu kigumu. Mchungaji alimega chembe isiyozidi punje ya mchele, akaichovya katika divai, akamwekea ulimini. Tulingoja. Wangu, aliyekuwa karibu, aliona koo lake likipanda na kushuka.

Ilipita.

Muturi akasema "Amina" kwa sauti ambayo Mama Batulo anasema aliisikia huko nje.

Watu walipotoka walimpitia mama yule mmoja mmoja pale mlangoni, wakamsalimu. Wapo waliompa mkono mzito kwa aibu. Waliutoa hivyo hivyo.

Toka siku hiyo ndugu yetu hakuudai mwili wake kitu. Alikuwa akilala vizuri. Alisalimia kila aliyepita dirishani, wakiwamo wale waliomsema, na akawauliza hali za watoto wao kwa majina. Krismasi alikaa nasi mezani, akanywa maziwa ya vuguvugu, akatuchorea kwa kidole juu ya kitambaa cha meza njia ya mkato ya kutoka Mbotela hadi kwa Kawsar, ambayo alisema Mativo hataijua milele.

Jumanne tarehe 20 Januari 2026, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Mbotela, mkewe akimpangusa uso na dada yake akimsomea Zaburi, alivuta pumzi mbili ndefu, ya tatu haikuja. Hapakuwa na kuhangaika wala kilio cha maumivu. Dada yake alimaliza ule mstari aliokuwa akiusoma, kisha akafunga kitabu. Alikuwa na miaka hamsini na saba.

Familia inamshukuru Mchungaji Khavere na waumini wote, madaktari na wauguzi, majirani wa Mbotela, na vijana wa pikipiki waliomsindikiza marehemu kutoka jijini mpaka hapa na visanduku vyao nyuma, wakazima simu zao za oda kwa siku nzima. Tunawashukuru Mama Batulo, Hibo na Kawsar, ambao jana walipika chakula cha matanga katika sufuria nane na hawakukubali kusaidiwa.

Marehemu ametanguliwa na wazazi wake, Mzee Joram Gathogo na Mama Rahab Wanjiru. Ameacha mke wake mpendwa, Wangu. Ameacha watoto wake wawili: Gathogo, fundi wa stima, na Shiro, muuguzi katika zahanati ya Kayole. Ameacha mjukuu mmoja, Muturi mdogo wa Gathogo, mwenye miezi kumi na meno sita. Na ameacha dada yake mkubwa, Nyaguthii, aliyemlea, na aliyeandika haya.

Muturi, mwana wa Rahab, umetoka kwetu mwepesi. Hapa nyuma hakuna mwenye neno nawe, wala dada yako. Mungu akulaze kwa amani.